Mkwe Haigusi Sauti ya Mama

Sijawahi kumheshimu mtu anayepiga ngoma kwa kidole kimoja huku amekaa. Nasema mapema, anayetaka kukasirika akasirike sasa. Siku hizi hapa Tunduma kila kijana aliyeshindwa kuuza vocha anajiita mtayarishaji wa muziki. Ukimuuliza vyombo vyako viko wapi, anakuonyesha laptopu yenye ufa kwenye kioo. Humo ndani, anasema, kuna vinanda mia, magitaa, tarumbeta na ngoma za nchi ambazo hata yeye hazijui. Haya, nipigie kimoja nisikie. Atakwambia, subiri mzee, inafunguka.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikawa mbeba mizigo mpakani. Kinanda changu nilikinunua ng'ambo, Nakonde, kwa Mzambia aliyekuwa anahama. "Mudala," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mzee hata kama hujazeeka, "hiki hakifi." Na hakijafa. Vibonyezo viwili vimeng'oka, nikaweka vifuniko vya dawa ya meno, na kinapiga. Baada yake nikapata mashine ya ngoma, miksa na kinasa sauti, kimoja kimoja, kwa jasho langu. Hakuna aliyenifundisha. Niliharibu mpaka nikajua.

Nyuma ya duka langu la mbegu kuna chumba, na kwaya zilikuja humo kutoka Itumba, Chitete, hata Ivuna kule kwenye chumvi. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Wote wanasimama, maiki mbili katikati, mimi kwenye kinanda, tunaimba toka mwanzo mpaka mwisho. Akikosea mmoja tunarudia wote, na huyo mmoja wenzake wanamtazama kwa jicho lisilohitaji mahubiri. Kwa hiyo kwaya zilikuja zimeiva. Leo zinakuja mbichi. Mwalimu mmoja wa kwaya, ambaye sauti yake ya tatu inaimba ya nne na yeye ametulia tu, aliniambia, "Mzee, si kompyuta itarekebisha?"

"Ianze na masikio yako," nikamwambia.

Akaenda kwa watu wa kompyuta. Aende.

Sasa binti yangu wa mwisho, katika wanaume wote wa mkoa huu, akaolewa na mmoja wao. Kijana wa Vwawa, mpole, ana adabu, simsemi vibaya. Ila nilimuuliza siku ya posa anafanya kazi gani, akasema anatengeneza muziki. Nikamuuliza anapiga chombo gani. Akasema, "Baba, programu." Ndugu zangu waliokuwa kwenye mkeka wakainamisha vichwa kama tumepewa habari ya msiba.

Tungeendelea hivyo, mimi na dharau yangu na yeye na adabu yake, kama si shingo ya mke wangu. Ana rovu la siku nyingi. Lilikuwa dogo, likakua, likaanza kumbana pumzi. Daktari akasema lipasuliwe, na akasema wazi kwamba sauti inaweza kubadilika, wao hawaahidi. Mke wangu ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama tangu nimjue. Zipo alizozitunga mwenyewe kwa Kinamwanga, zipo alizorithi kwa mama yake, na hakuna mwingine anayezijua zote. Tulipotoka kwa daktari hakulia. Aliniambia tu, "Kabla hawajanipasua, nyimbo zangu ziwe zimewekwa mahali."

Nikafungua chumba, nikafuta vumbi, nikawasha vyombo vyangu. Nikampa mdundo wa kinanda. Akaimba mistari miwili akanyamaza.

"Baba watoto, hicho kitu kinaniburuta."

"Hakikuburuti. Wewe unachelewa."

"Sichelewi. Pale nasubiri wenzangu waitikie."

"Wenzako hawapo."

"Wapo," akasema, akigonga kichwa chake. "Nawasikia. Kinanda chako ndicho kisichowasikia."

Tukajaribu tena, tukagombana tena. Nikazima mashine ya ngoma nikapiga kwa mkono peke yake, nikimfuata. Hapo akasema namfuata kama mtu anayefukuza kuku. Mwisho akakaa kwenye gunia la mbegu akishika shingo, akasema, "Muite mkwe. Binti anasema kwenye kompyuta yake unaimba kwanza wewe, muziki unakuja nyuma."

Muziki unakuja nyuma! Nilicheka mpaka nikakohoa. Tangu lini ng'ombe akaufuata mkia? Lakini niliitazama ile shingo, nikapiga simu.

Na hapo likaja jambo ambalo wenye kompyuta wa mjini hawalijui. Kwetu mkwe wa kiume haonani na mama mkwe mpaka aingizwe nyumbani kwa sherehe, apikiwe, aonyeshwe kila chungu. Kabla ya hapo akimwona njiani anakwepa, chumba kimoja hawaingii, neno la moja kwa moja hakuna. Mkwe wetu alikuwa hajaingizwa, kwa sababu dada mkubwa wa mke wangu, aliye upande wa Zambia, alikuwa amefiwa na mume, na karamu haipikwi juu ya matanga. Daktari naye asingengoja matanga yaishe. Kwa kazi yangu mimi, ya watu wote chumba kimoja kwa wakati mmoja, jambo hili lisingewezekana kabisa. Nilitambua hilo nikiwa nimesimama mlangoni, na halikunifurahisha.

Mkwe akaja asubuhi mama akiwa jikoni. Akatega maiki chumbani, akavuta waya kupitia dirishani mpaka barazani, akakaa nje akiwa ameupa mgongo mlango, hedifoni masikioni. Binti akamwingiza mama yake kwa mlango wa nyuma. Mimi, mwenye studio, nikafanywa tarishi wa kubeba maneno kati ya baraza na chumba.

Akaimba wimbo wa kwanza. Nikatoka nje.

"Imeingia?"

"Imeingia, Baba. Muulize mama kama ameridhika."

Nikarudi ndani. "Anasema umepanda juu mno."

Mke wangu akanitazama. "Mkwe hajasema hivyo. Mkwe hawezi kusema hivyo. Hayo ni yako."

Huko nje nikasikia mtu anakikohoa kicheko chake ndani ya kiganja.

Akaimba mpaka jua likawa juu. Bila mdundo, bila kinanda, akisubiri pale wenzake wa kichwani walipoitikia. Kwenye wimbo wa mama yake, ubeti wa mwisho, sauti ikapasuka kwenye mstari wa katikati. Ikakwaruza kama sufuria kwenye sakafu. Akaumaliza hivyo hivyo. Nilipomwambia arudie akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kesho yake vilevile. Sauti ya kuimba iliyokuwepo ilikuwa imeshatumika.

Baada ya siku chache mkwe akaleta kazi. Niseme ukweli kuhusu ngoma zake: ni mbaya. Zinalia kama ndoo mpya. Gitaa lake halijaguswa na kucha ya binadamu, na unalisikia hilo. Lakini kila mke wangu aliposubiri, zile ndoo nazo zilisubiri. Alipoharakisha, zikaharakisha. Kijana alikuwa ameisogeza kila ngoma moja moja kwa mkono kuifuata sauti yake. Nilisikiliza nikiwa nimekunja uso, nikasubiri ubeti wa mwisho wa wimbo ule. Ukaja. Na mkwaruzo ukaja nao, mzima.

"Hiki ni nini?"

"Nimekiacha, Baba."

"Si mnasema mashine inarekebisha kila kitu? Kazi moja mnayotambia, na hiyo umeiacha?"

Akatazama viatu vyake. "Naweza kuutoa mstari huo nikauweka ule wa ubeti wa pili, maneno ni yale yale. Ila ni kumkata mama. Sauti ya mama mimi siigusi."

"Umeiwekea ngoma."

"Nimeweka pembeni yake. Sijaiingia. Ikiwa na ngoma, Baba, ni wimbo. Ikiwa peke yake, huyo ni mama mwenyewe."

Nikasema basi mtafute mwenzako wa kompyuta akate. Akasema anaweza kumpata, wapo wengi, lakini nilitaka mgeni ndiye amkate? Nikawafikiria, wale wa vocha, wakimrudisha mke wangu nyuma na mbele huku wanatafuna karanga.

Nikavuta kiti.

Sijui niieleze vipi aibu ya mtu wa umri wangu kukamatishwa kipanya. Kimshale kilikimbia kioo kizima kama panya aliyeona paka. Sauti ya mke wangu ilikuwa imelala pale kama mchoro wa milima, inapanda, inashuka. Mkwe aliniwekea kila kitu tayari, akaondoa ngoma zote ili nisikie vizuri, na sauti ilipobaki peke yake akageukia ukuta. Kweli, akageukia ukuta! Akanielekeza huku anaongea na saruji.

"Unaona palipo pembamba kama shingo ya chupa, Baba? Bonyeza hapo. Usiachie. Vuta."

"Nimevuta. Imepotea yote."

"Haijapotea. Bonyeza ile ya kurudisha."

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Nilikata vibaya, nikarudisha, nikakata tena. Ni kazi ya kijinga, isiyo na jasho, ya kukaa kama mhasibu, na bado naidharau. Ila mstari ule ulikaa. Nilimwambia mkwe asikilize, ngoma zikiwa zimerudi. Akageuka, akasikiliza, akasema hasikii kiungo. Nikampa mkono kama ninavyompa mwanamume.

Jioni nikampigia mke wangu nyimbo zake kwenye spika zangu kubwa, yeye peke yake kwenye gunia lake. Alisikiliza zote, kidole kikipiga goti. Ulipofika ubeti wa mwisho kidole kikasimama.

"Hapo ni mimi wa ubeti wa pili."

"Mkwe hajasikia."

"Mkwe haziimbi nyimbo zangu. Na si yeye aliyekata. Mkono wako huo, umefanya haraka, umenikata kabla sijamaliza pumzi."

"Nirudie?"

"Acha. Ningekuwa na sauti ningepita hapo hivyo hivyo."

Keshokutwa yake tukapanda gari la alfajiri kwenda hospitali. Aliongea njia nzima, kila duka, kila shamba, kila jirani na makosa yake, na kwa kawaida ningemwambia mama, pumzika. Safari hiyo nilikaa nikamsikiliza mpaka tukafika getini.