Kiuno cha Tatu

Tarehe 3 Mei 1956, mshonaji wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alipata leseni ya kuweka cherehani barazani. Wateja wake ni wanawake tu. Huwapima wakiwa wamempa mgongo, pini mdomoni, na kipimo hakitaji kwa sauti. Hukibana kwa ukucha wa kidole gumba kwenye futi kamba, kisha hukipeleka hivyo hivyo kwenye kitambaa na kutia chaki. Jana alikuja Tatu, anayeolewa mwezi ujao, pamoja na mdogo wake Salima, kushonesha magauni ya harusi, kila mmoja lake. Tatu anajiona amekonda, na anaogopa mawifi watamcheka siku atakapokalishwa mbele yao. Chini ya gauni alikuwa amejifunga kanga mbili. Mshonaji alimgusa kiunoni mara moja tu.

"Na chumbani utaingia nazo?" aliuliza bila kutoa pini.

Salima aliangua kicheko. Tatu alizifungua kanga, akapimwa upya. "Bi Fundi, niongezee hapo kiunoni. Nataka nionekane kama Salima huyu. Mwone alivyojaa!"

Ukucha ukiwa palepale, mshonaji aliizungusha futi kamba kiunoni mwa Salima. Ncha yake ilifika kwenye ukucha, haikuzidi wala kupungua.

Tatu aliinama akautazama ukucha.

"Masikini mdogo wangu," alisema. "Kumbe na wewe umekonda hivi?"

Salima aliacha kucheka, akajishika kiuno. Leo asubuhi mshonaji amekata magauni yote mawili kwa kipimo kimoja. Alhamisi wanakuja kuyajaribu.