Mkalimani Aliyekataa Kurudia Swali

Mkalimani wa mtaa wa Ndosho amefariki. Habari ilinikuta mtaa wa Mabanga, mfuko wangu ukiwa umeshafungwa ili nihame tena, kama ilivyo kawaida yangu. Niliufungua. Shule niliiacha mapema, na Kiingereza kidogo nilicho nacho kilitoka kwake. Siku moja nilimuuliza maana ya rehearse, neno nililolisikia kwa wanakwaya. Akasema leo ni kufanya mazoezi ya wimbo, lakini zamani lilikuwa kusimulia tena jambo lililokwisha kusemwa, na Waingereza walilitoa katika Kifaransa cha kale, kwenye herse, kile chombo cha meno kinachokokotwa juu ya shamba lililolimwa. "Udongo ulishapasuliwa na jembe," alisema huyu mtoto wa wakulima wa Masisi, "halafu unarudi juu yake na meno."

Ningelisahau hilo kama nisingekuwa naye kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, nikiwabebea waandishi wa habari wageni kamera zao. Mama mmoja wa kambini alikuwa amemaliza kueleza alivyompoteza mtoto wake wakati wa kukimbia vita. Mkubwa wa wageni akasema upepo umeharibu sauti, mama aanze upya. Mkalimani hakumgeukia mama. Alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye amesikia yote, wamrekodi yeye. Wakabishana.

"Papa, banasema nini?" mama aliuliza.

"Banasema aksanti. Enda upumuzike."

"Na mbona banakufokea?"

"Kiingereza njo vile, mama. Inatokaka na makelele."

Mama akacheka, akaenda zake. Wale wageni hawakumwita tena mkalimani kazini.

Tangu hapo situlii. Ofisi zetu, wageni wetu, hata majirani, wote tunauliza upya yaliyokwisha kujibiwa, na tunasema huo ni upendo. Kwenye matanga ya mkalimani, kila aliyeingia alimwinamia mjane: "Mama, ilikuwaka namna gani?" Naye anaanza tena: homa, pikipiki ya kwenda hospitali, kitanda. Sauti ilikuwa inamwisha. Nikatoka, nikakaa mlangoni, nikawa nawaeleza wanaofika kabla hawajaingia. Mama mmoja alinikaripia.

"Weye ni nani? Nimetoka mbali, nitamuuliza mwenyewe!"

"Niulize mimi, mama. Hata mara ngapi."

Alinitazama, akaniuliza, nikamweleza. Kisha akaingia, akaketi karibu na mjane bila kumuuliza, na mjane akamwegemea, akasinzia. Aliyeumia akishasema, kazi ya kusema inabaki kwetu sisi tuliosikia.