Video ya ndoa ya mdogo wangu iligoma kwenye media center, na mama ametoka Handeni kuja kuiona

Wakuu habari za muda huu. Hii imetokea sebuleni kwangu hapa Masuguru, Korogwe, na sijaongeza chumvi. Wenye media center nyumbani sogeeni karibu.

Media center yangu ni kompyuta ndogo, ile ya kiboksi, nimeiweka chini ya TV. Watoto wanaangalia katuni, mimi naangalia marudio ya mechi. Haijawahi kunisumbua.

Sasa, baba yetu alifariki zikiwa zimebaki wiki chache mdogo wangu Zuhura aolewe. Aliacha usia kwamba ndoa isisogezwe. Tukaifungia hapa Korogwe, mimi nikiwa walii wake. Mama akabaki Handeni, yuko ndani ya eda.

Clip za simu alizikataa katakata. Alisema, "Nitamwona kwenye TV kubwa, na mwenyewe awe ameketi pembeni yangu."

Eda ikaisha, mama akaja. Zuhura naye akatoka Mnyuzi kwa wakwe zake. Kesho yake asubuhi alikuwa anahamia Mwanza na mumewe, kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi tena.

Mama alikuja na zawadi, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kipindi cha eda. Mke wangu akakipokea kwa mikono miwili, akatafuta mahali pa heshima pa kukitandika. TV za siku hizi hazina mgongo, kwa hiyo akafunika kiboksi. Kikapendeza kweli.

Baada ya Alasiri tukaketi. Nikabonyeza play.

Sauti ikaja safi, kaswida na vigelegele. Picha ikaganda Zuhura akiwa anashuka kwenye gari, mguu mmoja nje. Inaruka kidogo, inaganda tena.

Mama akangoja weee. Mwisho akasema, "Si neno, baba. Nitasikiliza tu."

Wakuu, ile kauli iliniuma. Mtu amekosa ndoa ya bintiye, halafu anakuja kuikosa mara ya pili kwenye kochi langu!

Mtandao hauhusiki, maana faili lilikuwa kwenye flash. Nikafungua taarifa za video inayocheza. Decoder imeandikwa software, na CPU imegonga mia. Maana yake kazi yote ya picha ya 4K ilikuwa inabebwa na CPU peke yake, wakati chip ya picha imekaa tu. Nikaingia Settings, nikaweka level ya Expert, upande wa Player nikakuta hardware acceleration, ile inayoikabidhi chip ya picha kazi yake, imezimwa. Sijui update ilikuja nayo. Nikaiwasha.

Ikateleza! Mama akaanza kutaja watu, yule nani, yule si mke wa fulani. Raha tupu.

Baada ya muda ikaganda tena.

Nikashika kiboksi. Moto kama pasi. Kile kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa, na mashine ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Nitaondoaje zawadi ya mama mbele yake, siku ileile aliyoileta? Huku kwetu utasemwa ukoo mzima. Nikajifanya nakagua waya. Mwisho nikapiga magoti, "Mama, samahani sana, kitambaa chako kinaizuia mashine kupumua."

Mama akacheka. "Kwani nani kakwambia ni cha mashine? Mimi nilifuma cha meza."

Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba ana chai jikoni.

Nitoe somo hapahapa, maana huko mbele sina tena la kitaalamu. Video ikiganda, angalia kwanza nani anabeba mzigo, chip ya picha au CPU. Kisha papasa mashine. Na heshima isikufunge mdomo, mama zetu ni waelewa kuliko tunavyowadhania. Wataalamu, faili la 4K namna hii nilipunguze liwe la kawaida, au nililiache? Na nani mwingine amewahi kuua mashine kwa kuipamba? Tiririkeni hapo chini.

Basi, tukanywa chai huku kiboksi kinapoa dirishani, tukaendelea. Ikafika sehemu ya nikaha, mkono wangu ndani ya mkono wa bwana harusi. Mama akamshika Zuhura, machozi yanamtoka. "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Rudisha tena."

Mara ya tatu akasimama, akakaza khanga kiunoni, akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia mlangoni.

"Shikamoo mama. Kwani kuna harusi?"

"Marahaba. Ipo," mama akasema. "Leo namuoza binti yangu. Pita ndani ukae."