Mikono Yangu Kwenye Kiti cha Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ya Waithaka ikipenya mpaka kwenye mifupa, nilipokaripiwa na nesi mbele ya foleni nzima kwa sababu nilikataa kuondoa mikono yangu kwenye kiti cha baba mkwe wangu. Nilikuwa mke kijana wakati huo. Niliona uchungu. Leo nikikumbuka, namshukuru Mungu kwa mdomo wa yule mama.

Tulimzika Jumamosi iliyopita. Jina lake Sista Nyambura, mkubwa wa manesi katika zahanati ndogo ya kanisa tuliyokuwa tukiitegemea huku Waithaka. Watu wengi walisimama kumsema vizuri, na mimi nikakaa kimya. Sikusoma sana, na si mtu wa kushika maikrofoni. Lakini nimerudi nyumbani na jambo langu moyoni, na naona nikuachie wewe, mwanangu, maana iko siku utaachiwa mgonjwa umtunze.

Uelewe kwanza tulivyokuwa tunaishi. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili ya mwanzo mwanzo. Mume wangu Wekesa alikuwa akitunza bustani kwa tajiri mmoja kule Spring Valley. Alitoka asubuhi na mapema, akarudi jioni. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya mabati. Baba yake aliletwa kwetu kutoka magharibi baada ya kiharusi kumlegeza miguu, na moyo wake nao ulikuwa umechoka. Moyo ukichoka, maji hayatoki mwilini inavyotakiwa. Yanajaa miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanafika kifuani na mtu anakosa pumzi. Daktari aliyekuwa akija zahanatini alitueleza kwa lugha tuliyoielewa.

"Huyu mzee tutamjua kwa uzito," alisema. "Ukipanda haraka, hiyo si nyama, ni maji. Msingoje, mlete."

Sasa kulikuwa na jambo lingine. Kwetu, mke na baba mkwe wake hawagusani. Humpi mkono, hukai alipokaa, humkazii macho. Hata maneno tuliyapitisha pembeni. Akitaka chai aliuambia ukuta, "Sijui kama hapa kuna mtu anajua nimeamka." Nami niliujibu mlango, "Maji yanachemka." Usicheke. Ilikuwa heshima, na tulielewana vizuri sana. Wekesa ndiye aliyemwogesha na kumvisha kabla ya kwenda kazini. Mchana nilibaki naye mimi, na kitu pekee nilichoweza kushika bila aibu ni mipini ya kiti chake cha magurudumu. Nilimpenda mzee yule. Kwa kuwa sikuweza kumshika mkono, mapenzi yangu yote niliyaweka kwenye ile mipini.

Kumpima ilikuwa taabu. Mwanzoni Wekesa alimbeba mgongoni akapanda naye kwenye mizani ya kawaida, halafu wakatoa uzito wa Wekesa. Mzee alichukia jambo hilo, kubebwa kama mtoto mbele ya akina mama. Kwa hiyo zahanati ilipopata mizani ya kupimia mtu akiwa kwenye kiti chake, sisi tulifurahi kama tumepewa shamba.

Lilikuwa bapa la chuma, pana, karibu na sakafu, lenye mteremko mfupi wa kupandishia magurudumu na mlingoti wenye kioo cha namba. Sista Nyambura aliliweka mwenyewe. Kwanza alilitandika karibu na mlango, juu ya zulia la plastiki, akainama kuangalia povu la hewa lililokuwa kwenye kijidirisha cha pembeni, lile linaloonyesha kama mashine imekaa sawa. Povu lilikuwa limekimbilia upande mmoja. Akalihamishia lile bapa kwenye kona yenye saruji tupu, akazungusha miguu midogo ya mashine, huu juu kidogo, ule chini kidogo, mpaka povu likatulia katikati. Akakanyaga kila pembe aone kama linayumba. Halafu akawasha na kungoja.

"Hakuna kupanda kabla haijasema sifuri," alituambia. "Mkiharakisha, itaniambia mzee amemeza mbuzi."

Akapima kiti kitupu pamoja na mto wake, akaandika uzito huo kwenye plasta na kuibandika ubavuni mwa kiti, ili kila wiki utolewe kwenye jumla. Wekesa, ambaye siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini, akamvua baba yake koti na blanketi, wakampandisha polepole, wakafunga breki za magurudumu yote mawili. Miguu juu ya vikanyagio, mikono mapajani.

"Sasa kila mtu akae mbali na mashine," Sista akasema.

Mzee akatazama chuma kilichokuwa chini yake. "Mnanipima kama ng'ombe wa machinjio ya Dagoretti. Baada ya hapa ni wapi?"

"Na hizo mbavu, mzee? Buchari gani itakukubali?"

Foleni ilicheka, na baba mkwe alicheka kuliko wote. Mteremkoni walimshusha kinyumenyume, Wekesa akiwa nyuma yake.

Wiki zilizofuata nilimpeleka peke yangu. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa msichana mwema mwenye foleni ndefu, na macho yake yalikuwa kwenye kioo cha namba. Mimi nilisimama nyuma. Nilifunga breki, lakini ya kushoto ilikuwa imelika, na gurudumu lilitoa mlio mdogo ulionitisha. Nikawaza: kiti kikirudi nyuma, baba mkwe aanguke mikononi mwangu, nitawaambia nini watu wa nyumbani? Basi sikuiachia ile mipini. Niliishika kwa nguvu, nikiivuta juu kidogo bila kujua, kama mtu anayezuia kitu kisididimie.

Namba ikashuka. Wiki iliyofuata ikashuka tena. "Maji yanatoka, mama!" yule nesi akaniambia, na nilirudi nyumbani nikiimba barabarani. Daktari alipoziona namba alipunguza dawa ya kutoa maji. Nilipika kuku siku hiyo.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Wekesa aliniambia kwamba baba yake siku hizi akilazwa kitandani huomba ainuliwe, aegemezwe ukutani. Alipomuuliza, mzee alisema wazee hawana usingizi. Tukaamini.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya Julai. Yule msichana alikuwa mgonjwa, na Sista Nyambura ndiye aliyekuwa kwenye mizani. Nilimpandisha mzee, nikafunga breki, nikashika kama kawaida. Kisha baridi ikanikohoza.

"Mama Simiyu," Sista akasema, "hii namba inacheza. Nani ako kwa mashine?"

"Hakuna mtu, Sista. Ni mimi tu nimeshika kiti."

"Ni wewe tu? Kwani wewe si mtu? Toa mikono."

"Breki imelika. Ataanguka."

"Breki imelika na umenyamaza? Mshushe."

Alimshusha mwenyewe, taratibu, akajaribu ile breki, akatikisa kichwa. Akaleta kiti cha zahanati, akakipima kikiwa kitupu, na pamoja na nesi mwingine wakamhamishia mzee humo. Wakampandisha. Akafunga breki, akakisukuma kiti kwa kiganja aone kama kitasogea. Hakikusogea. Akarudi kwenye kioo cha namba.

Nami, mwanangu, nilikuwa nimekwisha kushika mipini tena. Mikono ilikwenda yenyewe.

"Wewe mama!" Sauti yake ilifika mpaka nje. "Unamshikilia mzee ama unashikilia woga wako? Kiti imefungwa. Toa mikono, kuja hapa mbele, simama mahali anakuona."

Kuna mtu kwenye foleni alisema, "Leo ni leo," na wengine wakaguna. Masikio yangu yakawaka.

"Sista, huyu ni baba mkwe wangu," nikasema chini chini. "Siwezi kusimama mbele yake namna hiyo."

Kisha baba mkwe wangu, ambaye tangu niolewe hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja, akasema bila kugeuka, "Mama, njoo."

Nikaachia. Nikapita pembeni, nikasimama mbele, nikainua macho.

Sikuwa nimemtazama usoni kwa miezi. Nilikuwa najua kisogo chake, kofia yake, kola ya koti lake. Uso wake sikuujua tena. Midomo ilikuwa imebadilika, imeingia rangi ya zambarau. Macho yamevimba chini. Mshipa wa shingoni ulikuwa ukiruka, na kila pumzi ilimpandisha mabega kana kwamba anabeba gunia. Mtu aliyekula chakula changu kila siku alikuwa akizama, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Namba ilitulia. Sista akatoa uzito wa kiti, akasema polepole, "Amezidi wiki iliyopita kwa kilo nne." Hasira zilikuwa zimemwisha. Akachuchumaa karibu na mzee. "Baba, usiku unalala aje?"

"Nakaa."

"Kwa nini unakaa?"

"Nikilala naona kama niko ndani ya mto, maji yananifika hapa." Akagusa koo. Halafu akanitazama, na mara hii hakuna aliyekwepa macho. "Sikutaka kusema. Mama wa watoto alikuwa anafurahi sana na ile namba."

Niliketi sakafuni, palepale, mbele ya watu.

Kasisi alitoa gari lake, na Sista akaenda naye mpaka hospitali kubwa mjini, akimshikilia wima njia nzima. Mimi nilimpigia Wekesa kwa simu ya jamii, ile ya kulipia, pale steji ya matatu. Alifika wodini akiwa na udongo wa bustani kwenye viatu. Walimtoa baba yake maji siku baada ya siku, wakatuambia kwamba tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia mambo mengine.

Hakufa, mwanangu. Alirudi kwetu akiwa na miguu myembamba kama ya kijana wa riadha, akaishi miaka mingine, akampakata binti yetu wa pili na kumpa jina la mama yake yeye mzee. Tangu siku ile alizungumza nami uso kwa uso. Wazee wengine wa nyumbani walinung'unika, akawaambia kwamba yuko tayari kujibu kwa hilo. Mwisho wake ulipofika, alifariki kijijini kwake, kitandani, amelala chali kama watu wengine. Hiyo miaka niliyopewa naye naihesabu kama zawadi.

Na Sista hakunidharau. Wiki ile alikuja nyumbani, akanywa chai, akaniambia, "Kosa halikuwa lako peke yako. Mimi niliitengeneza hiyo mashine siku moja nikaenda zangu, kumbe kila asubuhi inataka kutengenezwa upya, na mtu anayeitumia pia." Wakubwa wachache huweza kusema hivyo kwa mtu kama mimi. Yeye alisema, huku akimenya kiazi kitamu.

Basi sikia ninalotaka kukuachia. Ukipewa mashine ya kumsaidia mgonjwa, uliza inavyowekwa, na usione haya kuuliza mara ya pili. Iwe mahali palipo sawa, ianze kwenye sifuri, kiti kipimwe kitupu. Breki mbovu itaje mapema, hata kama foleni ni ndefu na watu wanakutazama. Vua koti, toa blanketi, na kama heshima inakuzuia kumwambia mzee wako avue, tafuta mtu asiyezuiwa. Kiti kikishafungwa, ondoa mikono. Najua ni vigumu. Lakini namba nzuri uliyoisaidia kwa mikono yako haitamsaidia mgonjwa. Ukishaondoa mikono, usiende mbali. Pita mbele umtazame usoni, umuulize alilalaje, na umruhusu akujibu jambo litakaloharibu furaha yako.

Mungu amlaze Sista Nyambura mahali pema. Nawe, mwanangu, Mungu akutunzie wale unaowatunza, akupe watu wa kukukaripia ukiwa bado na nafasi ya kusikia. Na siku yako ya kusukumwa ikifika, upate mtu atakayetoka nyuma ya kiti, aje mbele, akuone.