Ndege wa Minnesota Hayupo Januari

Mama yangu alihamia Marekani uzeeni, mwezi wa sita, na ndani ya sanduku lake alifungasha sufuria ya ugali, utadhani huko anakokwenda watu wanapikia mikononi. Aliyemchukua ni kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee katika jimbo la Minnesota. Mimi nilikuwa Dubai tayari, mlinzi wa geti katika ghala la vipuri vya magari huko Ras Al Khor. Tangu siku ile mama akawa wangu wa kwenye simu.

Na simu alizipiga. Alikuwa mtu wa kushangaa, na kila kilichomshangaza alitaka kinishangaze na mimi papo hapo, hata kama nimesimama juani jasho linaniingia machoni. Aliniambia jimbo lao lina maziwa zaidi ya elfu kumi, akasema watu wale ni wachoyo, wangetugawia angalau moja. Aliniambia wana ua la jimbo, la rangi ya waridi na nyeupe, lenye umbo la kiatu cha mtoto mchanga, na kwamba ukilichuma unaweza kushtakiwa. Kinywaji rasmi cha jimbo ni maziwa ya ng'ombe, na kwa hilo peke yake, yeye aliyefuga maisha yake yote, aliwasamehe mengi. Kaka alimpeleka kwenye maporomoko ya maji yaliyo mjini kabisa, kisha akampeleka mahali mto Mississippi unapoanzia, akauvuka kwa kukanyaga mawe, sketi kaishika mkononi. Alisema hapo mwanzoni hauna lolote, hata kijito chetu cha kufulia nguo kinaushinda.

Lakini kipenzi chake kilikuwa ndege wa jimbo. Ni ndege wa majini, mweusi mwenye madoadoa meupe, macho mekundu, na alikuwa akikaa ziwani nyuma ya nyumba ya kaka.

“Analia kama mtu aliyefiwa,” mama aliniambia, “halafu anapiga mbizi, anasahau.”

Mwezi wa kumi simu zikawa fupi. Mama hakusimulia tena, aliuliza tu nimekula nini, akachoka, akampa kaka simu. Kaka alitoka nje ya chumba ndipo akaniambia kwamba moyo wa mama umechoka na madaktari hawaahidi mwaka. Nilitaka kumwona kabla hajaondoka, basi. Sikutaka Marekani yao, wala kazi yao, wala maziwa yao elfu kumi.

Nyumbani kwetu Al Nahda, hapa hapa Dubai, ambako tunabanana wanawake kadhaa katika vyumba viwili, yuko dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi mapokezi hotelini. Kwa kuwa anaona watalii kila siku, sote tulimhesabu kuwa mtaalamu wa viza. Nilipomweleza shida yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu.

“Dada, ukimtaja mama mgonjwa, khalas, watajua hurudi. Wewe ni mtalii. Unakwenda kutalii.”

Basi tukafanya mazoezi. Yeye alipanda kitanda cha juu, miguu inaning'inia, akawa afisa wa ubalozi mdogo. Mimi nikasimama chini yake na sare yangu ya ulinzi nikiulizwa kwa Kiingereza nimevutiwa na nini Minnesota. Nilimwaga yote: ua, maporomoko, chanzo cha mto, ndege mwenye macho mekundu. Nilijibu vizuri mno, maana yote hayo nilikuwa nimeyasikia kwa sauti ya mama. Wenzangu waliacha kupiga pasi wakanisikiliza. Mmoja alisema hata yeye sasa anatamani kwenda.

Mwezi wa safari hatukuujadili. Tulisema Januari, kwa sababu hapa Dubai Januari ndiyo msimu wenyewe wa watalii, jua limepungua makali, hoteli zimejaa, na huyu dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa akihangaika nao. Kwetu Kisii nako Januari si mwezi wa kumzuia mtu asisafiri. Theluji tuliijua, tumeiona kwenye televisheni watoto wakirushiana. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba inaweza kuifunga nchi nzima pamoja na ndege wake. Mama sikumwambia, niliogopa kumpa tumaini ambalo sijalishika mkononi.

Siku ya mahojiano, aliyekuwa dirishani ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Kama angekuwa mkali ningejua la kufanya. Wakali nimewazoea getini. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini, nikaanza. Nilipofika kwa ndege aliacha kuandika kwenye kompyuta akaniangalia, na mimi, mjinga, nikadhani nimemfurahisha.

“Na unasafiri Januari?” aliuliza.

“Ndiyo, madam.”

“Mimi nilisoma Minnesota,” alisema taratibu. “Januari ua hilo liko chini ya theluji. Maporomoko yanaganda. Na ndege huyo huhamia kusini kabla maziwa hayajawa barafu. Januari hayupo.”

Ndipo nikasema ukweli, kwanza kwa Kiswahili bila kujua, kisha kwa Kiingereza: mama yangu yuko huko, anaumwa, ninataka kumwona. Alisema anasikitika, na ninaamini alisikitika kweli. Kisha akanirudishia pasipoti pamoja na karatasi ya kukataliwa, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Hadi leo watu huniambia ningeanza na mama ningepewa. Sijui. Mlinzi wa geti asiye na mume, asiye na nyumba, mwenye kaka Marekani. Pengine ningekataliwa hata ningeapa kwa Biblia. Kinachoniuma ni kwamba hakuna mlango ambao ninaweza kusema, huu ndio niliopaswa kupita.

Dada wa Tanga alilia kuliko mimi. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote nimmwagie, nikamkuta amenipikia wali wa nazi, amenifunikia sahani, na macho yamemvimba. Nikala. Ningefanya nini?

Jioni hiyo nilimpigia mama nikamweleza kila kitu, pamoja na ndege. Alicheka mpaka akakohoa, na kaka akamwinua kitandani ndipo akapata pumzi.

“Ungeniuliza mimi,” alisema. “Yule aliondoka kitambo, ziwa sasa watu wanatembea juu yake. Anarudi barafu ikiyeyuka. Basi uje naye.”

Nikasema sawa mama, nitakuja naye. Nilijua nadanganya, na kwa jinsi alivyorudi kuniuliza nimekula nini, nadhani naye alijua.

Alifariki mwezi wa tatu, barafu ikiwa bado imefunga ziwa. Kaka alinipigia nikiwa kazini. Nilipokuwa nasikiliza, lori la vipuri lilifika likapiga honi, nami nikalifungulia geti, nikakagua nambari yake, nikalifunga tena geti, simu ikiwa sikioni. Walimzika huko huko. Nilibisha kwamba mama anazikwa nyumbani, lakini kaka ndiye mkubwa na ndiye aliyekuwa naye, na aliyeko mbali hana kauli. Mazishi niliyatazama kwenye simu, picha ikiganda kila mara watu wakiwa katikati ya wimbo.

Mwezi wa nne kaka alinitumia sauti tu, bila maneno. Aliirekodi kwenye dirisha la chumba cha mama. Niliisikiliza ndani ya basi la kampuni, nimeibana simu sikioni ili wenzangu wasisikie. Alikuwa ndege. Barafu imeyeyuka, amerudi peke yake, na mama alisema kweli, analia kama mtu aliyefiwa. Nilisubiri apige mbizi, lakini rekodi ilikatika akiwa bado analia.