Maji Niliyoupa Mmea wa Mapokezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa keni ya kumwagilia maji, aproni ya kijani na onyo. Onyo lilitoka kwa Bi Zubeda, mkuu wa mimea ya ndani katika hoteli moja ya watalii nje kidogo ya mji wa Voi. Alikuwa wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilinifanya mimi, mtu wa kijiji cha Kishushe niliyeishia darasa la sita, nione haya kufungua mdomo.

"Hiyo keni iweke chini," akaniambia. "Wiki hii humwagii kitu maji. Utatia kidole tu."

Nikadhani ananitania. Siku sita nilizunguka vyumba na veranda nikitia kidole udongoni hadi kiungo cha pili, nikarudi kwake kusema huu umekauka, huu una unyevu, huu umelowa. Wapishi waliniita Daktari wa Kidole. Siku ya saba ndipo akaniruhusu kushika keni.

Nyinyi vijana mnaosoma haya, mnapiga picha jani, mnaiuliza simu. Sawa. Lakini mmea wenye kiu na mmea uliozama majini hulegea sawasawa, na picha haitawaambia tofauti. Wenye kiu, ukiinua chungu ni chepesi, na majani yanakauka kuanzia kingo, ukiyakunja yanavunjika. Uliozama, chungu ni kizito, majani ya chini yanakuwa manjano na laini, na udongo unanuka kama maharagwe yaliyochacha. Mizizi hupumua. Ikikosa hewa inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hivyo mmea unakufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji. Hayo Bi Zubeda alinifundisha mwezi wa kwanza, kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Mmea ninaotaka kuueleza ulikaa mapokezi. Wageni waliuita monstera, ule wa majani mapana yaliyochanika na kutoboka matundu. Ulikuwa wa mke wa mwenye hoteli, tuliyemwita Madam. Marehemu mama yake ndiye aliyeulea, na Madam akija kutoka Nairobi aliusalimia ule mmea kabla ya kumsalimia meneja. Kila mfanyakazi alijua kwamba atakayeuua ameaga kazi.

Msimamizi wa mapokezi aliitwa Bwana Kitonga. Namtaja kwa sababu ugonjwa ulianzia kwake. Sakafu ilikuwa imewekwa vigae vipya, naye hakutaka tone lidondoke hapo. Akaleta chungu cha urembo, cha rangi ya shaba, kisicho na tundu chini, chungu cha mmea kikatumbukizwa ndani yake. Bi Zubeda alikizunguka mara mbili.

"Bwana Kitonga, kila anywaye ana pa kukojolea. Huyu wako atakojolea wapi?"

Wahudumu walicheka mpaka wakashika kaunta. Kitonga hakucheka.

"Mama, wewe shughulika na majani. Vigae ni vyangu."

Kile kicheko alikiweka moyoni.

Baada ya wiki chache majani mawili ya chini yakawa manjano. Bi Zubeda alitia kidole, akakinusa, akainua chungu na kumwaga maji yaliyokuwa yametuama ndani ya kile cha urembo.

"Tumemlewesha," akasema. "Siku kumi asipate hata tone. Atalegea, Mwakio, na atakutia huruma. Mwache alegee. Na hili dude la shaba, nikirudi nitalitoboa mwenyewe kwa msumari."

Alikuwa anakwenda Mombasa kumwoza mpwa wake. Siku tano. Mmea akaniachia mimi.

Huo ulikuwa wakati wa ukame. Kishushe mama yangu alikuwa akilala na mitungi kwenye foleni akingojea boza, lori la maji. Kwetu mtu hapiti penye kitu kilicholegea, awe mbuzi au mche wa mpapai, bila kukipa maji. Mwenye maji akikunyima maji, tunasema huyo si mtu. Siku ya kwanza niliuona mmea umeinamisha majani, nikapita. Siku ya pili nikaupa nusu keni. Kidole sikutia. Nilijua kingeniambia nini. Siku ya tatu na ya nne nikaupa tena, kwa sababu ulikuwa umelegea kuliko jana, na kila ulivyolegea ndivyo nilivyoona naupa kidogo mno.

Siku ya tano Madam akafika bila taarifa. Shina lilikuwa limelala juu ya kaunta. Aliweka mkoba chini, akashika jani moja, likang'oka lenyewe.

Meneja alituita ofisini, mimi na Kitonga.

"Nani alikuwa kwa zamu?" akauliza.

Kitonga akaniwahi. "Boss, huyu kijana hana makosa. Ni Bi Zubeda alikataza maji. Ameuacha ukauke, yeye akaenda kula pilau ya harusi."

Meneja akanigeukia. "Mwakio, ulipewa amri gani?"

"Nisiupe maji, sir."

"Na wewe ulifanya nini?"

Maji yalikuwa bado ndani ya kile chungu cha shaba, hatua ishirini kutoka pale. Yeyote angeinamia angeyaona.

"Nilifuata amri, sir."

Hayo tu. Maneno mawili na heshima juu yake.

Nikaambiwa nikautupe nyuma ya jumba la kufulia. Jambo la kwanza nililofanya huko, kabla hata ya kuugusa mmea, nilimwaga yale maji yenye uvundo kwenye mtaro na kuusuuza mtaro. Nalitaja hili kwa sababu uongo wa ofisini naweza kusema ulinitoka kwa hofu. Huu wa mtaro niliufanya taratibu, kwa mikono yangu.

Jumatatu Bi Zubeda alirudi na hina mikononi. Kitonga alimsomea barua ya kuachishwa kazi uani, wafanyakazi wote tukiwa tumepangwa mstari. Neno lililotumika ni mzembe. Bi Zubeda aliuliza jambo moja tu.

"Udongo wake ulikuwaje?"

"Mmea ulishatupwa," Kitonga akajibu.

Akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu. Akavua aproni, akaikunja, akamkabidhi mlinzi wa lango.

Mmea sikuutupa. Niliutoa chunguni, nikaosha mizizi. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe. Uliooza ni wa kahawia na ganda lake linabanduka vidoleni. Nilikata yote iliyooza kwa kisu nilichokipitisha motoni, nikarudi nyuma shinani hadi mahali palipokuwa pagumu na kijani. Kilibaki kipande cha urefu wa mkono wangu, chenye vifundo viwili, pale jani na mzizi hutokea. Nikakianika kivulini siku nzima jeraha likauke. Kisha nikakipanda katika mchanga wa mto Voi uliooshwa, makumbi ya nazi na vipande vya makaa, ndani ya chungu chenye matundu. Mbolea hapana, mgonjwa wa tumbo halishwi pilau. Mwanga wa dirishani, jua kali hapana. Halafu kungoja. Kungoja ndiyo sehemu kubwa ya dawa, nami nilingoja wiki saba mpaka jani jipya likachomoza, limejikunja kama mkeka mdogo.

Madam alilia alipoliona. Nikafanywa mkuu wa mimea ya ndani. Baadaye nilipelekwa kwenye hoteli yao ndogo upande wa Njukini, nikarudishwa Voi, nikawa naitwa hata nyumbani kwa watu wakubwa kufufua mimea yao. Kila nilikopita nilifundisha kutia kidole, na watu walinisifu kana kwamba ni akili yangu.

Hoteli ilipopunguza watu, Kitonga, aliyekuwa sasa naibu wa meneja, ndiye aliyeandika orodha. Jina langu lilikuwa la kwanza. Namchukia hadi leo, lakini sikuweza hata kulalamika vizuri, maana tulikuwa tumekula sahani moja.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Bi Zubeda. Anauza viazi karai vya kukaanga barazani kwake. Nyumba nzima haina hata mche mmoja. Nilimwomba tuingie uani, nikamweleza yote, hata mtaro.

Alisikiliza akimenya viazi.

"Maneno haya umeyaleta uani kwangu, Mwakio, pasipo mtu. Mimi niliitwa mzembe mbele za watu."

"Nifanye nini, Bi Zubeda?"

"Mimi nilikufundisha mimea. Hilo jingine tafuta mwenyewe."

Hakunikaribisha chai.

Basi nyinyi mliosimama nami katika ule mstari, nawajua, wengine mko Maungu, wengine mmebaki hapa Voi. Bi Zubeda aliutambua ugonjwa na akaacha dawa iliyo sahihi. Bwana Kitonga alimsingizia. Na mimi Mwakio wa Kishushe niliumwagia maji siku tatu, nikakana, nikachukua kazi yake. Mkipita barazani kwake kununua viazi, mwambieni mmeyasoma haya.