Usukani wa Njia ya Majengo

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti dipo nikiwa nimevaa viatu vya babangu. Dipo ni uwanja ambako mabasi hulala na kutengenezwa, na letu lilikuwa karibu na Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli nilikozaliwa. Babangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa Butere, na kwake chombo kisichokwenda juu ya reli hakikuwa cha kuaminika. "Gari lisilo na njia yake linaweza kukupeleka popote," aliniambia asubuhi hiyo. Lakini viatu alinipa.

Aliyenipokea alikuwa Mwalimu wa Madereva, Bwana Njoroge, mzee mfupi wa Murang'a asiyependa maneno mengi. Hakuniruhusu kupanda.

"Zunguka gari kwanza," alisema.

"Natafuta nini, Mwalimu?"

"Ukikiona utajua."

Nikazunguka. Nikagonga magurudumu kwa nyundo, maana gurudumu lililojaa hulia tofauti na lililopungua. Nikainama kutazama kama kuna oili inayodondoka. Ndipo tukapanda, akawasha injini, tukakaa tukitazama sindano ya kipimo cha upepo. Nyinyi vijana mnaoendesha mabasi ya leo mnajua kwamba breki za basi ni za upepo: injini hujaza mitungi, na kabla ya sindano kupanda, basi halina breki za kutegemewa. "Abiria watalalamika, konda atapiga bodi ya gari kwa kiganja uondoke," Mwalimu alisema. "Wewe ngoja sindano."

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Wazee wa dipo walituambia ilianzishwa na wafanyabiashara wachache walionunua mabasi makuukuu, wakati ambapo wengi wa mitaa ya Kaloleni, Bahati na Pumwani walikuwa wakienda mjini kwa miguu. Mtaa mpya ulipojengwa, mabasi yaliufuata. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na kitambaa cha kuzungusha chenye majina ya mitaa. Dereva alizungusha mkono wa chuma hadi jina la aendako litokee. Fundi alishona Buruburu kwenye kitambaa hicho, kisha Umoja, kisha Kayole. Ukikishika ungeona jinsi jiji linavyorefuka.

Kazi ilikwenda kwa zamu. Msimamizi wa Zamu alibandika majina ukutani, wa alfajiri na wa mchana, na kila zamu ilikuwa na dereva wa akiba, yaani anayekaa dipo akingoja mwenzake augue au basi liharibike. Nilianza kama wa akiba. Nilijifunza kukanyaga klachi mara mbili: unakanyaga, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena ndipo unaingiza gia nyingine. Ukikosea, gia zinasaga na abiria wote wanakutazama. Baadaye nikapewa njia yangu mwenyewe, Umoja hadi mjini kupitia Majengo. Madereva wengi waliikwepa kwa sababu ya wachuuzi wa soko la Gikomba na mikokoteni. Mimi niliipenda. Kila asubuhi nilikuwa na watu wangu, na wengi nilijua wanashukia wapi.

Asubuhi moja ya mvua, karibu na Majengo, mkokoteni uliobeba marobota ya mitumba uliponyoka mikononi mwa wenyewe ukateremka mbele yangu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Basi lilisimama, mkokoteni ukapita, wala hakuna aliyekufa. Lakini ndani abiria waliokuwa wamesimama walirushwa, na mama mmoja alivunjika mkono. Nilimsikia akilia kabla sijageuka. Polisi walipima barabara, wakakagua breki, wakasema sikuwa na kosa.

Niliporudi kazini nilizunguka gari, nikapanda, nikangoja sindano. Sindano ikapanda. Konda akapiga bodi. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani na haikutaka kufanya lolote. Konda alikuja mbele, akanitazama usoni, akaenda kumwita dereva wa akiba. Nilijaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Nikapelekwa kuosha mabasi, na miezi ikapita.

Mkuu wa Dipo aliniita ofisini. Alikuwa mtu mrefu, mkali, lakini si mbaya.

"Bwana Mukabwa," alisema, "dereva asiyeendesha ni jina tu ukutani. Nakungoja hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitatafuta mtu mwingine."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nilitoka nikamkuta Mwalimu Njoroge chini ya basi. Nilimweleza. Alijibu bila kutoka huko chini.

"Umewahi kwenda kumwona yule mama?"

"Hapana."

"Basi unaanzia mahali pasipofaa."

Nilikwenda Majengo siku hiyo hiyo. Niliulizia, nikaonyeshwa nyumba ya udongo yenye ua msafi. Mama Halima, ndilo jina lake, alikuwa mchuuzi wa leso, yaani kanga za kujifunga. Alinunua Gikomba na kuwapelekea wateja wake Buruburu na Umoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye dereva wa lile basi."

"Ingia, keti," akasema. "Unywe chai kwanza."

Nilimwomba radhi. Akanyoosha mkono wake, akaufunga na kuufungua mbele yangu. "Huu umepona, alhamdulillahi. Kilichokataa ni moyo. Nafika stendi, basi linasimama, mlango u wazi, miguu inagoma. Sasa Buruburu naenda kwa miguu, furushi kichwani. Umoja nimeacha kabisa, na huko ndiko waliko wateja wangu wazuri."

"Mimi pia," nilisema. "Yangu ni mikono."

"Wewe? Dereva unaogopa gari?"

"Naogopa, mama."

Alianza kucheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya leso yake. "Nami nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. Tulimaliza chai tukiongea habari za mtoto wangu. Nilipoaga, yeye ndiye aliyetoa wazo. "Siku utakayoshika usukani niambie. Nikipanda, nipande lako. Mwenye kuogopa hatakimbiza."

Nilimweleza Mwalimu Njoroge, naye akaomba basi la mafunzo kwa ajili ya Jumapili. Mkuu wa Dipo hakupenda.

"Na huyo mama akiumia tena?"

"Nitakuwa ndani," Mwalimu alijibu.

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo, Mkuu. Huyu nilimfundisha mimi. Breki alizokanyaga siku ile ziliokoa watu."

Mkuu alifungua droo, akampa ufunguo.

Jumapili hiyo Mwalimu ndiye aliyeendesha hadi Majengo. Mama Halima nilikuwa nimemwarifu, naye alikuwa stendi na furushi lake. Mwalimu akanipisha nikashika usukani, mama akasimama mlangoni. Nilimsikia akisema Bismillahi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha nikasikia miguu yake kwenye ngazi. Alikaa nyuma yangu.

"Haya, mwanangu."

Niliingiza gia ya kwanza. Tulikwenda polepole hadi pale mkokoteni ulipotokea, na hapo nikasimamisha basi. Mikono ilikuwa imeanza kugoma tena.

"Mbona umesimama?" Mama Halima aliuliza.

"Ni hapa."

"Najua ni hapa. Nilikuwemo." Alishika mgongo wa kiti changu. "Lakini nyuma yetu kuna gari, na watu wa kanisa wanachelewa ibada. Endesha."

Nikaendesha. Hadi leo sijui mikono ilikubali vipi. Tulipotokea kwenye Barabara ya Jogoo nilikuwa gia ya tatu na shati limenilowa mgongoni. Tulipofika Umoja, Mama Halima alisimama akajitwika furushi.

"Nilidhani tulikuja kujaribu tu," nilimwambia.

"Nije huku kote mikono mitupu? Nina wateja." Akateremka, kisha akageuka. "Adhuhuri mnipitie. Msinikawishe."

Tulimngoja. Kabla mwezi haujaisha jina langu lilirudi ukutani, na kwa miaka mingi Mama Halima alipanda basi langu akakaa nyuma yangu, akinieleza ni nani ameolewa na ni nani hajalipa leso. Mwalimu Njoroge alipostaafu nilipewa nafasi yake. Dereva aliyepata ajali sikumpeleka kwanza kwenye gari. Nilimuuliza kama ameshawatembelea waliokuwemo. Wengine walikasirika. Wengi walikwenda.

Baadaye mambo yalibadilika. Magari madogo yenye mbio yalitunyang'anya abiria, kampuni ikauza mabasi, na wengi walidhani huo ndio mwisho. Sisi madereva tukaungana na makonda, tukaanzisha chama cha akiba na mikopo, tukanunua yale yaliyokuwa bado yana uhai. Chama hicho kipo hadi leo. Mabasi yake yanafika Pipeline, nilikohamia kwa binti yangu, katikati ya maghorofa yanayozuia jua.

Nilipostaafu, kuwa abiria kulinishinda. Kila dereva alipokanyaga breki, mguu wangu nao ulikanyaga sakafu. Nilichungulia sindano kutoka kiti cha nyuma. Mke wangu alikataa kukaa nami kiti kimoja ndani ya basi. Sijui hali hiyo iliisha lini. Juzi nilipanda kutoka mjini, jua likinipiga begani, nikalala usingizi mzito hadi konda, kijana mwenye kofia ya sufu, akanigusa, akaniita babu kwa lugha ya kwao.

"Guka, tumefika mwisho. Ulikuwa unashuka wapi?"

"Nimepapita," nilisema.

Dereva, binti ambaye hata sikumfundisha, alinitazama kwenye kioo chake. "Keti tu, mzee. Nageuza, tunarudi."

Mahali penyewe palikuwa pembamba, ghorofa huku, vibanda kule, watoto wakipita. Niliketi wima nimtazame. Alifungua dirisha akatoa kichwa, akangoja watoto wapite wote, kisha akarudi nyuma taratibu, akakata usukani mara moja tu.

Aligeuza vizuri sana.